Ng'ombe Aliyekula Shule Yetu

Shule yetu iliwahi kuliwa. Sisemi iliungua, wala sisemi iliangushwa na upepo, ingawa upepo wa kilima kile ungeweza. Ililiwa na ng'ombe, mchana, watu wakiona, na kwa kuwa ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mkuu wa kijiji, hakuna aliyemfukuza kwa nguvu. Nimeona niandike jinsi ilivyokuwa, maana wadogo zangu wanaosoma pale siku hizi hudhani dirisha la nyuma lilijengwa na fundi.

Kilima chetu kiko upande wa Kaisho. Migomba na nyumba ziko chini bondeni. Juu ni nyasi tupu, malisho ya ng'ombe. Mkuu wa kijiji alipoagizwa na boma la Wadachi ajenge shule, alichagua kilimani kwa sababu hakuna mtu wa bondeni aliyekubali kung'oa migomba yake. Boma lilisema nyumba ya shule, lakini halikusema iwe ya namna gani. Mafundi wetu wakajenga nyumba waliyoijua: msonge wa duara, uliofunikwa nyasi kutoka kileleni hadi chini kabisa, wenye mlango mmoja wa kuinamia, mafiga katikati, na nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Ulikuwa msonge mzuri. Wazee walipanda kilima kuja kuusifu, wakakaa ndani wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka jioni.

Ndipo mwalimu akafika. Asili yake ni mtu wa Pwani, na kaka yake ana duka Bukoba mjini. Alikuja na kanzu nyeupe, kofia, mwavuli, na sanduku la vibao, chaki na kitabu kimoja. Akatusalimu wote, akainama, akaingia. Tukamsikia akijigonga kwenye nguzo. Kisha akajigonga kwenye nguzo nyingine.

"Jamani," sauti ikatoka ndani, "mlango wa kutokea uko wapi?"

"Ni huo huo uliouingilia, Mwalimu," mkuu akajibu.

"Na mwanga?"

Mkuu akafikiri kidogo. "Mwanga uko huku nje," akasema.

Kila nyumba iliagizwa itoe mtoto mmoja wa kiume. Hakuna nyumba iliyomtoa aliye bora. Aliyejua kukamua alibaki nyumbani, na aliyejua kurusha mkuki alibaki nyumbani. Shuleni alipelekwa yule aliyesinzia akiwa amesimama, na yule aliyegombana na mama yake wa kambo kila asubuhi, na yule mlafi ambaye mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni akiimba kwa furaha. Nyumba yetu ilinitoa mimi.

"Huyu wa kwangu hasemi," baba alimwambia mkuu. "Ng'ombe wakimpotea, badala ya kuwaita huwafuata nyuma kimya kimya mpaka giza linaingia. Labda huko wana kazi ya mtu asiyesema."

"Na kama ni kweli Wadachi wanakula watoto?" akauliza mama.

"Watamrudisha," bibi yangu akasema. "Mtazame. Nani atahangaika na mifupa hiyo?"

Mimi nilifurahi kupita kiasi, ila sikusema. Nilikuwa na sababu yangu. Kwetu, kijana akianza kukua husimamishwa katika ua wa mkuu, mbele ya wanaume na wanawake, mkuki mkononi, naye hujigamba kwa sauti: yeye ni nani, ameua nini, hamwogopi nani. Watu humshangilia au humcheka. Kaka yangu alijigamba vizuri hata akapewa ndama. Zamu yangu ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa sijaua kitu, na niliogopa karibu wote. Lakini mkuu alikuwa ametamka kwamba watoto wa shule hawatajigamba. Wao ni wa boma. Kwa hiyo mradi shule iko, mimi nilikuwa salama.

Tena shule yenyewe ilikuwa ya giza. Sijui kama wengine wanaelewa raha ya jambo hilo. Niliketi upande wa nyuma, nyuma ya nguzo, na hakuna aliyeweza kuniona, hata mwalimu. Alituita majina, tukaitika, naye akaelekeza uso kwenye sauti. Kuna wiki nzima alimfundisha mbuzi wa jirani aliyeingia kuota moto, akidhani ni yule msinziaji.

Kusoma hakukuwezekana humo. Nje nako upepo ulipindua kurasa, na watoto walipoona ng'ombe wakipita waliinuka kuwafuata. Basi mwalimu alisimama mlangoni palipokuwa na mwanga, akasoma ukurasa, nasi gizani tukaurudia pamoja mpaka tukaujua kwa moyo. Baada ya miezi kadhaa tulikijua kitabu chote. Wazazi walikuja kusikiliza, wakaondoka wakishangaa jinsi watoto wao walivyokuwa wasomi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua herufi.

Ikafika habari kutoka bomani. Bwana Mkubwa angekuja kukagua shule baada ya mavuno ya ulezi. Mwalimu alirudi na habari hiyo kutoka kwa mkuu, akaketi mlangoni akiwa amevua kofia.

"Wanangu," akasema, "huyu Bwana alikwenda kukagua shule moja huko kwingine. Watoto wakasoma kama ninyi, vizuri kabisa. Akakichukua kitabu akakigeuza juu chini, wakaendelea kusoma. Siku ile ile akaifunga shule. Mwalimu kafukuzwa. Watoto wamerudishwa makwao."

"Wamerudishwa kwenye ng'ombe?" mlafi akauliza kwa matumaini.

"Kwenye ng'ombe na kila kitu."

Kila kitu. Niliuona ua wa mkuu, na mkuki, na watu wote wakinitazama. Siku ya pili mlafi alipata faida, kwa sababu nilimpa ndizi zangu.

Mwalimu aliona dawa ni moja tu, mwanga. Jioni, sisi tukiwa tumekwenda nyumbani, akachukua panga, akazunguka nyuma ya msonge, akakata tundu la mraba kwenye ukuta, kiasi cha kichwa na mabega ya mtu. Akaridhika, akasali, akalala.

Yeye hakujua, na sisi hatukuwa na sababu ya kumwambia, kwamba kwetu ukuta wa nyuma hutobolewa kwa jambo moja tu. Mtu akifa kifo kibaya, maiti yake haipitishwi kwenye mlango wanaopita walio hai. Hutobolewa nyuma, ikatolewa hapo, watu wakaanza kulia.

Alfajiri mchungaji mmoja aliliona tundu. Hakusimama kuuliza. Alikimbia bondeni, na kabla jua halijapanda, kijiji kizima kilikuwa kinapanda kilima. Wanawake walifunga majani makavu ya migomba viunoni, wakilia. Wanaume walibeba ndizi na vibuyu vya rubisi. Bibi yangu alikuwa mbele, na yeye kwa kulia alisifika hata vijiji vya mbali. Mwalimu akaamka kwa kelele, akatoka na kanzu ya kulalia, akawakuta wamejaa.

"Pole, Mwalimu," mkuu akamwambia, akamshika mikono miwili. "Pole sana. Ni nani?"

"Nani amefanya nini?"

"Aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa!"

Watu wakatazamana. Bibi akanyamaza kidogo ili asikie vizuri. "Anaficha," akasema. "Watu wa Pwani huficha." Akaendelea kulia pale alipoishia.

Wakatuhesabu. Kila mama akamshika mtoto wake akampapasa kichwa. Mama yake mlafi alipomwona wake yuko mzima akamkumbatia, kisha akamwuliza kama amekwisha kula. Tulikuwepo wote isipokuwa msinziaji, na kilio kikapanda tena mpaka akakutwa amelala nyuma ya mafiga.

"Basi kama hakuna maiti," mkuu akauliza, "umetoboa kwa ajili gani?"

"Dirisha, mzee wangu. La kuingiza mwanga. Kwetu Pwani kila nyumba ina dirisha."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, tena nyingine mawili, matatu."

Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. "Poleni sana kwa misiba," akasema.

Tundu likazibwa hapo hapo. Zikafumwa nyasi mpya, nene kuliko za kwanza, na mkuu akatangaza mbele ya watu wote kwamba mtu yeyote, awe wa boma au wa Pwani, asitoboe tena ukuta ule. Kilio kiligeuka sherehe, kwa kuwa ndizi na rubisi vilikuwa vimekwisha kupandishwa kilimani, na hakuna aliyetaka kuvibeba kuvirudisha. Mwalimu, ambaye hagusi pombe, aliketi pembeni na ndizi moja mkononi kama mfiwa kweli.

Watu waliposhuka tulibaki naye. Alikuwa anazitazama zile nyasi mpya. "Basi tena," akasema. "Nitaanza kufunga sanduku."

Ni hapo niliposema. Mimi mwenyewe nilishtuka kuisikia sauti yangu.

"Chumvi," nilisema.

Mwalimu akageuka akitafuta nani kasema. "Chumvi ya nini, mwanangu?"

Nilitazama miguu yangu. Maneno mengine yalikataa. Nikanyoosha kidole kwenye ukuta, halafu kwenye ng'ombe waliokuwa wakishuka kilima. Mkuu alisema mtu asitoboe. Hakusema ng'ombe. Na mtoto yeyote aliyechunga anajua ng'ombe wa malisho yetu wanavyoililia chumvi. Wanaweza kulamba mwamba mpaka ulimi uchubuke.

Mwalimu alikifuata kidole changu, akatazama ukuta, akatazama ng'ombe. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu afike kwetu. Akatoa chumvi yake ya dukani, ile aliyoletewa na kaka yake, akaikoroga katika maji, na asubuhi akamwagia zile nyasi mpya akisema anafukuza mchwa.

Angeweza kuja ng'ombe yeyote. Akaja ng'ombe wa mkuu, yule jike mwekundu asiye na pembe ambaye mkuu alimpenda kuliko wote na kumpaka siagi kwa mkono wake mwenyewe. Alinusa. Akalamba. Akang'oa tonge la nyasi, akatafuna akiwa amefumba macho. Tulikuwa ndani tukirudia ukurasa, na ghafla mwale wa mwanga ukaonekana, mdogo, halafu ukawa mkubwa, halafu ukazibwa na pua yenye maji.

"Subhanallah," mwalimu akanong'ona. "Someni, wanangu, someni. Msimtazame."

Wazee waliitwa. Walilichunguza tundu, wakamchunguza na ng'ombe, ambaye alikuwa bado anatafuna ushahidi. Mmoja akasema lizibwe. Mwingine akauliza kama tundu la ng'ombe ni la msiba au si la msiba. Wakamgeukia mkuu. Na mkuu alimtazama kipenzi chake, akamwona amenenepa, ana raha.

"Ng'ombe hana maiti ya kutoa," akasema. "Hilo si tundu. Hayo ni malisho."

Kwa hiyo dirisha likabaki. Shida ikawa kwamba ng'ombe naye alibaki. Alikuja kila siku, akaongeza kidogo huku na kidogo kule, mpaka kichwa chake chote na shingo vikaweza kuingia. Mahali lilipotokea tundu ni pale pale pangu, nyuma ya nguzo. Giza langu lilikuwa limeliwa. Nilitaka kuhama, lakini wengine walikuwa wanaogopa kukaa karibu na mdomo wake, basi nafasi ile ikawa yangu na kitabu kikawa changu, kwa kuwa mimi tu ndiye niliyekuwa na mwanga wa kutosha.

Nikaanza kuona. Maneno niliyokuwa nayo kichwani nikayakuta yamekaa kwenye karatasi, kila moja na umbo lake, kama unavyomjua ng'ombe kwa mabaka yake. Nikajaribu kuyasoma kwa sauti. Watu walipokuwepo hayakutoka. Lakini wengine wakienda kucheza, nilimsomea ng'ombe. Ng'ombe hacheki. Hakuulizi umeua nini. Hukutazama kwa macho makubwa, na ukikosea anaendelea kutafuna, na ukipatia anaendelea kutafuna vile vile. Nilimsomea kitabu chote, kisha nikamsomea maandishi ya kwenye sanduku la mwalimu na karatasi za kufungia sukari kutoka dukani.

Siku moja mwalimu akanisikia kutoka nje. Akaingia mbio, akageuza kitabu, akafungua katikati, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Huu?"

Nikafunga mdomo.

"Ulikuwa unasoma sasa hivi! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Nikamtazama ng'ombe.

"Lahaula," mwalimu akasema, akaketi. "Katika shule nzima nina msomaji mmoja, naye anamsomea ng'ombe."

Ulezi ukavunwa, na Bwana Mkubwa akaja, na askari wake na kiti chake cha kukunja. Kijiji chote kilipanda kusikiliza. Bibi alisimama karibu na mlango akiwa amebeba majani makavu ya migomba, akasema ni kwa tahadhari tu. Baba alisimama karibu na mkuu. Tulimsalimu Bwana kwa pamoja, naye akaitikia vizuri, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha baba. Akaingia, akaketi chini ya ule mwanga, akasema mtu asome.

Mlafi akasimama, akakishika kitabu, akasoma ukurasa bila kuvuta pumzi. Wazazi wakashangilia nje. Bwana akakichukua kitabu polepole, akakigeuza juu chini, akamrudishia.

"Endelea."

Mlafi akaendelea, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu akafumba macho. Bwana akakifunga kitabu kabisa, akampa kimefungwa, na mlafi akasoma hivyo hivyo mpaka mwisho wa sura.

"Kuna yeyote hapa," Bwana akauliza, "anayeweza kusoma?"

Nilijua mwalimu ananitazama. Hakusema jina langu. Nadhani alinionea huruma, na mpaka leo namshukuru, lakini macho yake yalitosha, maana Bwana aliyafuata mpaka kwangu. Akatoa mfukoni karatasi iliyopigwa chapa, tangazo alilokuwa akilisambaza kwa wakuu. Hakuna aliyekuwa ameliona kabla. Akanipa.

Nikasimama. Herufi niliziona, nilizijua, zilikuwa zimejipanga zikinisubiri, na mdomo wangu ulikuwa umekauka kama kibuyu. Bwana akangoja. Akatazama saa. Nikamsikia baba akisema polepole, "Hasemi huyo, Bwana. Niliwaambia tangu mwanzo." Nikauona mkuki. Nikauona ua.

Ndipo pumzi ya moto ikanipiga shingoni. Ng'ombe alikuwa amefika kwa wakati wake. Kichwa chake kilipita dirishani, kikasimama kati yangu na Bwana, macho makubwa, nyasi mdomoni. Nikamgeukia. Nikainua karatasi.

"Watu wote wajue," nikamsomea, "kwamba ni marufuku kuchungia ng'ombe karibu na majengo ya serikali."

Ng'ombe akanitazama.

"Na mnyama atakayeharibu jengo la serikali," nikaendelea, na sauti ilikuwa inatoka yenyewe, "mwenye mnyama huyo ataadhibiwa."

Ng'ombe akainua kichwa, akang'oa tonge kubwa la ukuta, vumbi likamwangukia Bwana begani.

"Msomee tena," Bwana akasema. "Hajaelewa."

Nikamsomea tena. Sasa nje walikuwa wameelewa wao. Minong'ono ikaanza. Bwana akajipangusa vumbi, akatoka mlangoni akiinama, akasimama mbele ya watu.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Wote walitazama mawingu. Mkuu wa kijiji alisimama wima kwa heshima zake zote.

"Huyo si ng'ombe wa mtu, Bwana Mkubwa," akasema. "Huyo ni mwanafunzi."

Bwana hakucheka pale pale. Masharubu yake yalitikisika kwanza. Kisha akacheka mpaka akakikalia kiti chake, na askari wakacheka kwa kuwa yeye amecheka, na watu wetu wakacheka kwa kuwa hawakujua la kufanya jingine.

Shule haikufungwa. Aliagiza dirisha lipate fremu ya mbao, na lingine litobolewe upande wa pili. Na mkuu, ambaye hakuwa katika hali ya kubisha, akasema hata matatu. Mwalimu alifungua sanduku lake akatoa halua aliyoletewa na kaka yake, akatugawia. Mlafi alipata zaidi, kwa kuwa alisoma kwa bidii.

Lakini kabla ya kuondoka Bwana aliacha neno moja. Lile tangazo lisomwe kwa watu wote, siku ya baraza, katika ua wa mkuu. Na asome yule aliyeweza kulisoma.

Kwa hiyo niliufikia ule ua hata hivyo. Walinisimamisha palepale kaka yangu aliposimama. Badala ya mkuki nilishika karatasi. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, baba mbele, amekunja mikono. Niliinua karatasi. Hakikutoka kitu. Nilisikia mtu akianza kucheka nyuma, na mwalimu akikohoa ili kukifunika kicheko hicho.

Kisha sauti ya bibi ikapasua kutoka upande wa wanawake, ile sauti yake ya msibani.

"Mnangoja nini? Mleteni mwenzake!"

Wakamleta. Alikuja akitembea taratibu kati ya watu, amepakwa siagi, mkuu mwenyewe akimwongoza. Akasimama mbele yangu, akaninusa kama nina chumvi. Nikamsomea tangazo tangu mwanzo hadi mwisho, na ua wote ukasikia.